Maji Yaliyogeuzwa Ukuta

Kila Jumamosi, jua likishapanda, vijana hushuka kwenye matatu za kutoka Bondo na Kisumu hapa Usenge wakiwa na mifuko mgongoni. Swali lao ni moja: boti za Mageta zinapandiwa wapi? Wamekuja kupunga upepo wa ziwa, kuogelea, kula mbuta wa kukaanga kwa ugali, na kupiga picha jua likizama upande wa Uganda. Sisi wenyeji tumewazoea na tunawakaribisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hela wanazoacha zinamfaa mama anayekaanga samaki na kijana anayeendesha boti.

Lakini kila ninapowaona wakikunja suruali waingie majini, natamani niwashike mkono kwanza, niwaambie neno moja: kisiwa hicho mnachokwenda kupumzikia kiliwahi kuwa kambi ya kuwafungia watu. Waliopelekwa huko hawakulipa nauli, wala hawakujua kama watarudi.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha historia na Kiswahili katika shule za Siaya kwa zaidi ya miaka 30. Miaka hiyo yote nilisimama mbele ya darasa nikitaja kambi za Manyani, Hola na Lodwar, na nje ya dirisha ziwa linaonekana. Manyani iko mbali, njia ya Mombasa. Hola iko mbali, kando ya Mto Tana. Mageta, ambayo wanafunzi wangu wangeweza kuinyooshea kidole, haikuwa na hata mstari mmoja katika vitabu nilivyopewa kufundishia. Nami sikuongeza mstari huo kwa kalamu yangu. Naandika haya kulipa deni hilo.

Ili uelewe kilichofanywa Mageta, elewa kwanza ziwa ni nini kwetu. Kwa Kiluo tunaliita nam, na kisiwa ni chula. Watu wameishi kwa nam hapa tangu zamani sana. Wanaakiolojia walichimba mahali wanapopaita Usenge 3, wakakuta marundo ya makombe, mifupa ya samaki, na vigae vya vyungu vya aina ya Kansyore, vya wawindaji na wavuvi walioishi hapa maelfu ya miaka kabla ya Mluo wa kwanza kutia mguu Yimbo, eneo letu hili. Jina hilo la Kansyore limetoka kwenye kisiwa kilichoko Mto Kagera, upande wa pili kabisa wa ziwa. Vyungu vya namna moja, magharibi na mashariki ya maji. Baadaye wakaja watu wa vyungu vya Urewe, na Urewe yenyewe iko hapahapa Siaya. Kisha, yapata karne tano zilizopita, wakaja Waluo. Mapokeo yetu yanasema walipiga kambi ya kwanza Got Ramogi, mlima wenye msitu usio mbali na hapa, wakiongozwa na Ramogi Ajwang'. Marehemu Profesa Bethwell Ogot, mwana wa Gem, aliyachota mapokeo hayo kutoka vinywani mwa wazee, na mwaka 1967 akatoa kitabu chake cha historia ya Waluo wa kusini.

Mpaka wa serikali ulipokuja ulitukuta tunavuka. Hadi mwaka 1902 upande wetu huu ulihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mstari ukahamishwa juu ya karatasi, tukaamka tumo katika himaya nyingine, na mitumbwi ikaendelea kwenda ilikokuwa ikienda. Miaka hiyohiyo malale yalikuwa yakiteketeza watu wa kando ya ziwa. Upande wa Uganda pekee inakadiriwa zaidi ya watu 200,000 walikufa, na serikali ya huko ikawahamisha watu wa visiwani na wa ufukweni kwa amri. Hapo ndipo watu wa ziwa walipoonja kwa mara ya kwanza kuambiwa na ofisi kwamba maji yao yamepigwa marufuku. Hata hivyo, ugonjwa ulipopungua, watu walirudi majini. Huwezi kumtenga mtu na barabara inayompeleka kwa wakwe zake.

Hiyo ndiyo nam kwetu: barabara. Bibi harusi huvushwa, jeneza huvushwa, mbuzi wa mahari huvushwa, mtoto wa shule huvushwa akiwa na sanduku lake la bati. Tazama boti inavyopakia hapa Usenge. Asiyetaka kulowa hubebwa mgongoni na kijana mwenye nguvu hadi ndani. Magunia ya unga huwekwa katikati, kreti za soda mbele, akina mama juu ya magunia. Boti ni ya mbao, ubao juu ya ubao, na mianya imezibwa kwa pamba iliyogongwa ikakazwa kati ya mbao. Maji huingia kidogo hata hivyo, na hakuna anayeshtuka, kwa kuwa kuna kopo la kuyachota: jerikeni ya mafuta ya kupikia iliyokatwa upande. Atakayeketi karibu na kopo ndiye mchotaji, awe mwalimu au mchuuzi wa omena. Hakuna anayepangiwa kazi hiyo. Umekaa hapo, unachota.

Mimi nilizaliwa Yimbo mwaka 1954. Mwaka huohuo, alfajiri ya tarehe 24 Aprili, maelfu ya askari waliizingira Nairobi katika msako walioupa jina la Operesheni Anvil. Wanaume wa Kikuyu, Embu na Meru walitolewa majumbani na kazini, wakakalishwa chini, wakachujwa, wakapakiwa kwenye malori. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952, na sasa serikali iliamua kuwazuilia watu wengi kupita kiasi ili vita vya Mau Mau vikose mizizi. Kufikia mwisho wa 1954, kwa hesabu ya serikali yenyewe, waliozuiliwa walizidi 70,000, wengi wao bila kusikilizwa na mahakama yoyote. Nyuma yao, wake na watoto wao waling'olewa kwenye miji yao na kusongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha.

Waliozuiliwa waligawanywa kwa rangi. Mweupe alikuwa wa kurudishwa nyumbani. Wa kijivu alikuwa wa kusukumwa akiri kiapo chake cha Mau Mau. Mweusi alikuwa yule aliyekataa kusema, au aliyeaminika kuwa kiongozi. Aliyelegea alisogezwa kambi moja kuelekea kwao, na aliyekaza alisogezwa mbali zaidi. Kazi ilikuwa sehemu ya mpango huo, na wengi wanaopitia leo uwanja wa ndege wa Embakasi hawajui kwamba mikono ya wafungwa na wazuiliwa wa Hali ya Hatari ilihusika kuujenga. Nao weusi wa weusi wakatafutiwa mahali ambapo hata jina la nyumbani lisingefika: Lodwar katika jangwa, Kisiwa cha Manda karibu na Lamu, na katika ziwa letu visiwa viwili, Saiyusi na Mageta.

Kwa nini kisiwa? Jibu la kwanza ni rahisi. Mtu wa Nyeri au Murang'a alikuwa ameijua mito ya baridi inayotoka Nyandarua na Kirinyaga, mito ya kurukwa kwa jiwe au kuvukwa kwa gogo. Maji yasiyo na ng'ambo hakuwa ameyaona. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Hakuwa na mtumbwi, hakujua kuogelea, na ndani kulikuwa na mamba na viboko. Serikali haikuhitaji kuchimba handaki, kwa kuwa nam ilikuwepo tayari.

Jibu la pili limenichukua miaka kulikubali, kwa sababu linatuhusu sisi. Hebu tuseme mmoja wao amepata gogo, ameshikilia, upepo umemsaidia, amefika Usenge. Angetokea kwa nani? Yeye maji huyaita maaĩ, na hapo yuko karibu na Kiswahili. Sisi tunayaita pi. Angeomba maji ya kunywa asieleweke. Lugha moja tu ingetuunganisha, nayo ni hii ninayoandikia, na miaka ile Kiswahili chenyewe kilitumika mno kutoa amri: simama, kaa chini, panga mstari, hesabu. Mkoloni alijua tulivyo. Alichukua watu wa mlimani akawaweka kati ya watu wa ziwa, akitegemea kwamba hatutaulizana. Ukuta wa Mageta ulikuwa maji, na juu ya maji ukawekwa ukuta wa pili, kutojuana kwetu.

Marehemu mama yangu alikuwa mke kijana miaka hiyo, akisuka mikeka na kuanika fulu na ngege juani. Nilipokuwa mtoto nikimwuliza habari za kisiwa kile, jibu lake lilikuwa fupi: kulikuwa na watu wa serikali, na watu waliokuwa wakililia nyumbani kwao. Akimaliza hapo, anageuza samaki. Nilidhani hataki kuniambia. Nilipokua nilielewa kwamba hicho ndicho alichokijua chote. Miaka yote ile aliishi akikiona kisiwa kila asubuhi, na hakuwahi kujua jina la hata mtu mmoja aliyekuwa juu yake.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Januari ziwa likiwa limetulia, mwanamke wa makamo alifika Usenge kutoka Murang'a. Alikuwa amevaa sweta zito la bara, amebeba kiondo, na alikuwa akiuliza kwenye vibanda kama kuna mtu anayejua habari za kambi. Wakamleta kwangu.

"Mwalimu," akasema baada ya salamu, "baba yangu alikaa hapa. Sijui sana. Alikuwa hasemi."

Baba yake alikuwa ameaga dunia zamani. Mambo ya kizuizini hakuwasimulia watoto, ila jambo moja. Wakienda mtoni, akiwaona wanachezea maji, alikuwa akiwaambia: mimi nimewahi kuwekwa ndani ya maji. Watoto walidhani anasema fumbo. Baada ya mazishi ndipo wakakuta karatasi iliyokuwa na neno Mageta.

Tukapanda boti. Alikataa kubebwa mgongoni, akaingia na maji hadi magotini, viatu mkononi, sweta lake likiloa pindoni. Alikaa karibu na kopo bila kujua sheria yake. Nahodha alipowasha injini, alishika ubao wa pembeni kwa mikono miwili, na vidole vyake havikulegea hata kidogo njia nzima. Maji yalipoanza kukusanyika miguuni alinitazama kwa hofu. Nikamwambia, "Mama, chota tu." Akaachia mkono mmoja, akachota. Mkono wa pili ukabaki ubaoni.

Mageta tulipanda polepole hadi yalipo mabaki ya kambi, kuta zilizobaki kati ya nyasi na vichaka. Sitaongeza chumvi hapa. Hakuna kibao kinachokueleza lolote, hakuna orodha ya majina, hakuna wa kukusimulia isipokuwa umkute mzee. Watoto wa kisiwani walitufuata, wakacheka, wakaondoka. Yeye hakugusa kuta. Alisimama, kisha akageuka akatazama tulikotoka, na hapo akanyamaza muda mrefu. Siku ilikuwa safi, na kutoka pale bara lilionekana: mstari wa miti, na mlima uliosimama juu ya Usenge.

"Alikuwa anaona ng'ambo," akasema. "Siku zote nilidhani alikuwa haoni kitu ila maji."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimfikiria mama yangu akigeuza samaki wake juani, upande wa pili wa maji yaleyale, katika miaka ileile.

Kuna jambo jingine nilimsimulia tulipokuwa tumeketi pale juu, nalo ndilo ninalotaka kila kijana wa Siaya alijue. Wakati watu wa mlimani walipoletwa kwenye ziwa letu, mwana wa ziwa hili alipelekwa kwenye kisiwa cha bahari. Ramogi Achieng Oneko, mzaliwa wa Uyoma, alikuwa mmoja wa wale sita walioshtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta. Alishinda rufani mapema 1954, lakini hakuachiliwa. Aliendelea kuzuiliwa, na Manda ni mojawapo ya mahali alipozuiliwa, akiishi na Wakikuyu kizuizini, akiwemo Gakaara wa Wanjau, mwandishi ambaye baadaye alitoa shajara yake ya kizuizini kwa Kikuyu na kupata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Mluo aliyelelewa kando ya Nam Lolwe, ziwa letu hili, alizungukwa na maji ya chumvi asiyoweza kuyanywa, na aliokuwa nao walitoka milimani. Mkoloni alipanga watu wasijuane, na ndani ya kambi zake wakajuana.

Hata nje ya kambi ukuta huo wa kutojuana ulipata ufa, nao ulianzia kwa jirani yetu. Mwezi wa Juni 1958, Jaramogi Oginga Odinga wa Bondo alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa bado walikuwa viongozi wa kisiasa wa Waafrika. Kulisema jambo hilo hadharani wakati ule kulihitaji roho ngumu, na wajumbe wenzake kadhaa Waafrika walishtuka. Naye J.M. Kariuki, aliyepitishwa kambi nyingi, Saiyusi ikiwemo, alitoka akaandika kumbukumbu zake, zikachapishwa mwaka 1963. Alikuja kuwa mbunge, kisha akauawa mwezi wa Machi 1975, nchi ikiwa huru kwa miaka 11. Kitabu chake kingalipo, na ndani yake ziwa letu limo.

Tarehe 3 Machi 1959, wazuiliwa 11 walipigwa hadi kufa Hola, na kashfa hiyo ikafanya mfumo wote wa kambi usiweze kutetewa tena London. Hali ya Hatari ikaondolewa Januari 1960. Kisha mvua ikaanza. Wazee hapa huzitaja mvua za uhuru, zile zilizoanza mwishoni mwa 1961 na kuliinua ziwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Mashamba yalizama, miji ilihamishwa. Ninapofikiria Mageta hukumbuka hilo: huenda ufuo waliposhushwa wale wanaume, mahali walipokanyaga mchanga wa kisiwa kwa mara ya kwanza, uliingia chini ya maji mwaka uleule tulipokuwa tukipandisha bendera. Ziwa likapanda tena mwaka 2020, likapita kile kiwango cha 1964, na sisi wa Usenge tukaona barabara ya Goye ikimezwa. Nam hujichukulia vyake. Kukumbuka ni kazi yetu.

Nchi yenyewe ilichelewa. Marufuku iliyowekwa na mkoloni dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228 walioteswa, na mwaka 2015 mnara wa ukumbusho ukazinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Nashukuru kwa hayo. Lakini mnara uko Nairobi, na kisiwa kiko hapa. Mtoto wa Mageta anayevuka kwenda shule ana haki ya kusoma jina la kwao katika kitabu cha historia, na mjukuu wa Murang'a ana haki ya kufika akute hata jiwe moja lenye maandishi. Siombi jumba kubwa. Naomba kuta zilizobaki zisibomolewe kwa ajili ya mawe ya kujengea, wazee waliobaki warekodiwe sauti zao kabla hatujawazika, na kila anayebeba wageni aambiwe la kuwasimulia.

Siku ile tulirudi jioni. Upepo ulikuwa umeanza, na boti ikawa inapanda na kushuka. Yule mama alichota maji bila kuambiwa, kwa mikono yote miwili. Tulipokaribia, akanyanyua kopo akalielekeza kwenye mlima ulio mbele yetu.

"Ule unaitwaje, Mwalimu?"

"Got Usenge," nikamwambia. "Got ni mlima."

Akatoa daftari dogo ndani ya kiondo na kuniomba nimtajie herufi moja moja, akaandika huku boti ikiyumba. Baba yake aliuona mlima huo tangu asubuhi hadi jioni, na huenda hapakuwa na mtu wa kumwambia jina lake.

Kwa hiyo sasa vijana wanaposhuka matatu Jumamosi na kuuliza boti ziko wapi, nawaonyesha. Nawaambia waogelee, wale, wafurahi, na wavae jaketi okozi. Kisha nawaomba jambo moja: mkifika Mageta, kabla hamjapiga picha ya jua, geukeni mtazame huku. Mlima mtakaouona unaitwa Got Usenge.